Simu ya mdogo wangu inaita wifi ya nyumba iliyoungua

Admin, nifichie jina, mtaa uache tu, Mabanga ni kubwa. Nina miaka thelathini na mbili, sijaolewa, naishi na mama na mdogo wangu wa kike hapa Goma. Kazi yangu ni kuandika madereva, zile programu zinazofanya kompyuta ielewane na kifaa chake cha wifi. Mama akiulizwa kanisani anajibu kwamba binti yake ni wa madereva, na kuna mzee aliwahi kuniuliza kama lori langu linafika Rutshuru. Chekeni sasa hivi, huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Kabla mlima haujalipuka tulikuwa na nyumba Kibati. Niliweka wifi humo, na kwa majivuno ya fundi nikalificha jina lake majirani wasilione. Niliruhusu simu tatu tu: yangu, ya mama, na ya mdogo wangu wa kiume, nitamwita Fiston, aliyekuwa motari, mwendesha pikipiki ya abiria. Kila simu ina anwani yake, namba inayotoka nayo kiwandani, na zote tatu niliziandika kwenye daftari. Lava ilipochukua nyumba tulikimbia na mifuko miwili, daftari likiwa ndani ya mmoja. Baadaye vita vikaja. Asubuhi moja Fiston alibeba abiria wa Rutshuru na hakurudi. Pikipiki haikuonekana, yeye hakuonekana. Mama amekataa kufanya matanga. Anasema, "Sitamulilia mutoto wangu kama mufu na sijamuona."

Mwaka huu nilipewa kazi ya kuandika maana za maneno ya wifi kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana wanaojifunza kuandika madereva. Mimi ni mbishi, siandiki maana ya neno ambalo sijaliona likifanya kazi. Kwa hiyo kwa kila neno naiwasha kompyuta, inasikiliza mawimbi yote yanayopita, nami nasubiri mfano hai. Jumapili moja nikafika kwenye "ombi la kutafuta". Simu iliyozoea wifi yenye jina lililofichwa hulazimika kulitaja jina hilo yenyewe, kila inapokwenda, mpaka ijibiwe. Ndiyo ujinga wetu mafundi, tunaficha jina nyumbani halafu simu zinalitangaza mji mzima.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mchumba wa mdogo wangu. Mama alikuwa anacheka naye sebuleni, mimi niko chumbani. Ghafla kwenye skrini likatokea jina la wifi yetu ya Kibati. Simu yangu ya wakati ule ilishakufa, ya mama iliungua pamoja na nyumba. Nikafungua daftari, nikalinganisha anwani tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa ya Fiston.

Nilitoka mbio hadi barabarani nikijua amerudi. Nilimkuta mama mmoja anauza ndizi, basi. Niliporudi nikatazama nguvu ya mawimbi, na ilionyesha kwamba simu iko ndani ya nyumba yetu. Mgeni alipoaga, nguvu ilishuka kidogo kidogo mpaka ikapotea. Amekuja mara mbili tena, na mara zote mbili imekuwa hivyo hivyo.

Huyu bwana anafanya biashara ya maharage ya Rutshuru. Barabara ikifungwa kwa wengine, yeye anapita kila barrière, vile vizuizi vya wenye bunduki, bila kushushwa kwenye gari, na ukimuuliza anasema ana watu wake. Aliwahi kumletea mama makala, makaa ya kupikia, wakati mtaa mzima hauna, tukamshukuru Mungu kwa kutupa mkwe. Tena amemwahidi mama kwamba harusi ikipita, atawauliza watu wake habari za Fiston. Tangu ahadi hiyo mama amerudi kula vizuri.

Nilijaribu kumtetea moyoni. Labda simu aliinunua sokoni. Lakini wauzaji huifuta simu kabla ya kuiuza, na ingefutwa, jina la wifi yetu lisingebaki. Hii haijafutwa. Mtu aliifungua kwa kode ya Fiston, na kode hiyo Fiston hakuwa anampa hata mama.

Jumapili iliyopita nilitaka uhakika. Niliwasha wifi yenye jina lile la Kibati, na neno la siri lile lile. Mgeni alipokaa tu, simu ikajiunga. Nikatoka kumpa chai. Akaangalia simu, akaniangalia.

"Shemeki, iko rezo moja hapa inaingia mu telefone yangu yenyewe, bila kuomba kode. Ni ya nani?"

Nikamwambia wifi hiyo ni ya jirani.

Alikunywa chai yake yote bila haraka. Kisha akasema kwa upole, "Basi umuambie aizime. Vitu vya Kibati vilishaungua, shemeki. Muviache."

Mama hakuelewa, alimwongezea sukari.

Harusi ni Jumamosi, na baada ya hapo anampeleka mdogo wangu kuishi Rutshuru, kwa barabara ile ile. Nikisema, na Fiston bado yuko hai mikononi mwa hao watu wake, huenda nimemuua mimi. Nikinyamaza, nimemfunga mdogo wangu kitenge cha harusi na kumkabidhi kwa mikono yangu. Naogopa, jamani. Siku nne sijalala vizuri na mama anadhani nina wivu wa kuachwa bila mume.

Wifi sijaizima. Leo si siku yake ya kuja, mama na mdogo wangu wameenda kupima nguo, niko peke yangu. Nikiwa naandika mstari huu, simu ya Fiston imejiunga, na nguvu ya mawimbi inapanda. Nishaurini upesi, mlango niufungue au nifanye nini?