Kijani Mapafuni mwa Chumvi

Jina la Chumvi alilipata kwa mama yake, ambaye kila alipombusu kichanga wake alibaki na ladha ya chumvi midomoni. Ndugu walimcheka. Miaka minne baadaye daktari alipima jasho la mtoto, akasema mama hakukosea: ni sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kuwa mazito kama gundi, na bakteria wakishaingia humo hawabanduki kirahisi.

Chumvi alikua akikohoa, akawa fundi cherehani. Magauni ya maharusi yalining'inia chumbani kwake kama mawingu yaliyopotea njia. Kila asubuhi mumewe, seremala, alimlaza kifudifudi juu ya mito, akampigapiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa ili makohozi yalegee. Mara ya kwanza jirani alivamia mlango.

"Wee shemeji! Utamuua mwenzio!"

"Mwache, dada," Chumvi alicheka huku akikohoa. "Siku asiponipiga ndiyo uje kunililia."

Alipotimiza miaka thelathini na moja, makohozi yaligeuka kijani. Hata kukanyaga pedeli ya cherehani kulimkata pumzi. Alilazwa, akawekewa dripu. Homa ilipopanda, mapazia ya wodi yalivimba na kunywea kama yanapumua kwa niaba yake, naye akajiona anashona kitambaa cha maji. Kila akiinua sindano, mshono unayeyuka. Hakuogopa. Aliendelea kushona tu, taratibu.

Homa iliposhuka, mama wa maabara alisimama kando ya kitanda.

"Tumewaotesha bakteria wako, mwanangu. Wameanza kujijengea utando, ndiyo maana vidonge haviwafikii."

"Wanafananaje?"

"Kijani. Na wananukia utamu, kama zabibu."

Chumvi aliomba kuwaona. Mama yule akamwonyesha picha kwenye simu: kisahani cha duara, kijani kinachong'aa kama hariri iliyolowa. Aliitazama muda mrefu.

"Sura wanayo," alisema, "adabu ndiyo hawana."

Wiki mbili za dripu zikafuatwa na miezi ya kuvuta dawa kwa mashine. Kipimo cha mwisho hakikuwaona. Daktari alimwambia ukweli: wanaweza kurudi. Alasiri hiyo alijinyoosha kitandani, dirisha wazi, akavuta pumzi. Ilishuka bila mluzi, chini, chini zaidi, hadi pembe ya kifua aliyokuwa ameshaisahau.