Mimea Isiyoliwa

"Maua haya yanaliwa?"

Kwa miaka sita nimeulizwa hivyo na kila anayepita mbele ya nyumba yangu hapa Ndama. Sio swali baya. Kwetu, kila kinachoota karibu na mlango kina kazi yake: mgomba wa kupika, mgomba wa pombe, mbuni, maharage katikati. Mtu akikuta mimea imepangwa kwenye madumu yaliyokatwa, mabeseni yaliyotoboka na sufuria zilizokwisha kazi, lazima aulize. Nilikuwa najibu kwa upole. Hapana, hayaliwi. Ni dawa? Hapana. Unauza? Hapana. Hapo mtu ananitazama kwa huruma na kuniuliza kama nalala vizuri.

Nilianza mwaka uliofuata kifo cha mume wangu. Mmea wa kwanza niliuomba kwenye bustani ya nyumba ya wageni pale Omurushaka, nikisubiri basi. Ulikuwa wa ukoo wa nanasi, majani yamejipanga duara, katikati mwekundu kama pilipili iliyoiva, na ndani ya kikombe chake maji ya mvua yametulia. Mtunza bustani alinikatia chipukizi nikalifunga kwenye kona ya kanga. Baadaye niligundua kwamba mmea ule hutoa ua mara moja tu, kisha hufa na kuacha watoto pembeni, sawasawa na mgomba. Nilicheka sana siku hiyo. Nilidhani nimeleta kitu kigeni, kumbe nimeleta tabia ileile niliyozaliwa nikiiona.

Kisha yakaja yale ya majani manene yanayojiwekea maji ndani: mishubiri midogo yenye madoadoa, dungusi, na mengine yaliyojikunja kama kabichi changa. Mengine nilibadilishana na wanawake wa kundi letu la wapenda maua kwenye simu. Mengine niliyachimbua mwenyewe kwenye miamba ya Kyerwa, nikarudi na miba vidoleni. Mwishowe kipande chote cha mbele, kuanzia barazani hadi mpakani, kikawa chao.

Kipande hicho ndicho alichokitaka shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kinapakana na changu. Baba mkwe alipotugawia, alipanda mstari wa mulamula katikati. Huo ndio mti wetu wa mpaka, wenye majani marefu kama ya mahindi, unaopandwa mbele ya majirani ili kila mmoja awe shahidi. Ukishapandwa haukatwi. Hata mlevi akijikwaa juu yake huinuka na kuuzunguka.

"Shemeji," aliniambia siku moja akiwa amesimama upande wake, "wewe una binti tu, na yeye kaolewa Bukoba. Ardhi ya baba haiwezi kupambwa kama kaburi."

"Kaburi la mdogo wako nalipalilia mimi," nikamjibu. "Najua tofauti yake."

Hakunisemesha tena mpaka vuli, binti yangu alipojifungua nami nikaenda Bukoba kumwogesha mjukuu. Nilikaa miezi miwili. Niliporudi nilishuka kwenye bodaboda nikadhani kijana amekosea njia.

Mbele ya nyumba yangu palikuwa pamelimwa. Kulikuwa na machipukizi ya migomba yamesimama kwenye mashimo yaliyopimwa vizuri, na nyasi zimetandazwa kila mahali, nene hadi kwenye kifundo cha mguu. Mimea yangu haikutupwa. Ilitolewa kwenye vyombo vyake, ikapandwa ardhini kwa samadi ya ng'ombe na kufunikwa nyasi hadi shingoni, kisha mvua ya miezi miwili ikaimalizia. Niligusa mshubiri mmoja, ukabaki mkononi kama uji. Niligusa mwingine, hivyohivyo. Nilikaa chini palepale na mkoba wangu nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Shemeji alitokea akijifuta mikono. "Nimekusaidia, shemeji. Hayo maua yako yalikuwa kwenye kokoto, hayana hata mbolea. Nimeyatunza."

Ninaamini hapo hakusema uongo. Mtu aliyelelewa kibanjani hawezi kuona udongo uko uchi akapita. Ataufunika nyasi, ataulisha samadi, na atakwenda kulala akijiona mwema. Hakujua kwamba kuna mimea inayokufa kwa kutendewa wema huo. Lakini nilipotazama mpakani, mulamula haikuwepo. Hakukuwa na hata mmoja.

"Mpaka uko wapi?" nikauliza.

"Mpaka gani?" akasema, na kwa kidole akachora hewani mstari uliopita chini kabisa ya baraza yangu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyohiyo nikiwa na matope miguuni. Kikao kikapangwa Jumamosi. Siku tatu zilizobaki nilizitumia kufukua nyasi kwa mikono, nikitafuta ambacho bado kina uhai. Yale ya ukoo wa nanasi yalikuwa mazima, yamejaza vikombe vyao na wala hayana habari. Nilipofika karibu na upande wa shemeji, vidole vyangu vikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kisiki kilichokatwa kwa panga sawa na ardhi, na ubavuni mwake machipukizi mawili, ya manjano kwa kukosa jua, marefu kama kidole. Hatua mbili mbele, kisiki kingine. Alikata mulamula akatandaza nyasi juu ili isionekane, na nyasi zilezile zilizoozesha mimea yangu zikaitunzia mulamula unyevu hadi ikachipua. Nilirudishia nyasi taratibu, nikaenda kupika, nikanyamaza.

Kikao kilikuwa palepale mbele ya nyumba yangu. Asubuhi hiyo, baba mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alinivuta pembeni kabla ya kuanza. Ananipenda mzee yule. "Mwanangu, mshubiri ni dawa, kila mtu anajua. Sema unapanda dawa. Hakuna atakayekugusa."

"Shikamoo, baba, na asante," nikamwambia. "Lakini sipandi dawa."

Nilipopewa nafasi nikasema mbele ya wote: si chakula, si dawa, si biashara. Ninaipanda kwa sababu napenda kuitazama, na ninaitazama nikiwa kwangu. Watu wakaguna. Shemeji akatabasamu, akageukia wazee kama mtu aliyekwishashinda, akasema, "Mmesikia wenyewe. Na mpaka anaousema hauonekani."

Ndipo nikaondoka kwenye kiti, nikapiga magoti na kuanza kukunja nyasi. Nilizikunja mwenyewe, kutoka barabarani hadi nyuma ya jiko, bila kuomba msaada. Machipukizi ya mulamula yalijitokeza mawili mawili, yamenyooka kwenye mstari uleule. Mama jirani wa upande wa chini, aliyeshuhudia baba mkwe akiipanda, alianza kuvihesabu visiki kwa sauti. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake.

Waliamua mpaka ubaki ulipo. Mzee wa ukoo, ili aponye moyo wa shemeji, akaniomba nipande walau mgomba mmoja mbele, pale njiani, watu wauone. Nilikataa. Nilikataa kwa Kiswahili, kisha nikakataa kwa Kinyambo chetu ili asibaki hata mmoja wa kusema hakunielewa.

Machipukizi yake ya migomba niliyang'oa bila kuyajeruhi mizizi, nikayabeba hadi mlangoni kwake. Mashimo aliyachimba vizuri, hilo simnyimi. Niliyajaza kokoto kutoka mtoni na kupanda humo mishubiri mipya niliyoletewa na mwenzangu wa Nyakahanga. Mulamula imefika kiunoni sasa.

Wiki iliyopita shemeji alisimama upande wake wa mstari. Mmea mmoja wa ukoo wa nanasi ulikuwa umetoa ua, jekundu hadi linaumiza macho. Alilitazama, akakohoa.

"Hayo, shemeji, mpaka leo hayaliwi?"

"Hayaliwi," nikasema, nikaendelea kumwagilia.