Wameniuliza Kama Nafanya Kazi za Bure

Jamani, leo nimefanya usaili kwa video nikiwa chumbani kwa mama. Hapa Bweranyange, mtandao unashika humo tu.

Walionisaili ni wanaume watatu. Wakaanza vizuri: eti wanatafuta sana wanawake wa kuandika programu.

Kisha mmoja akasema, "Tuoneshe programu huria ulizochangia. Zile watu wanazoandika bure jioni, baada ya kazi."

Sina. Jioni namwogesha mama, anaumwa, halafu nachota maji na kupika.

"Sawa, tutakujulisha." (Mnajua maana yake.)

Nikafunga kompyuta, nikaenda kwa jirani aliyefiwa kumenya ndizi na akina mama. Msiba ukitokea huku, hakuna anayesubiri kuitwa.

Nikampa Mama Koku, mmoja wao, shikamoo. Akaniuliza, "Marahaba mwanangu, hao watu wa kompyuta wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza kama huwa nafanya kazi za bure."

Wakacheka wote, visu mkononi, huku wakijizuia kwa ajili ya wafiwa. Nikacheka nao kidogo, kisha nikafuta macho na kusingizia moshi wa kuni.

Kama kuna mwingine huku Karagwe anayeandika programu, anijibu.

Hata salamu tu.