Fyuzi Nyuma ya Kiti

Nyumbani kwetu Ukunda, meni swichi ya umeme ikishuka hakuna anayeuliza kwa nini. Mama huchukua mwiko, maana boksi la mita liko juu, akaisukuma swichi ipande. Ikishuka tena, anaipandisha tena. Ikileta ukaidi, huishikilia kwa mwiko huo huo huku akisoma bismillahi. Sote tumelelewa hivyo. Mimi nikaja kuwa fundi wa umeme wa ndege ndogo, kakangu akawa rubani.

Alipopata ndege yake kuukuu ya viti vinne na kuniomba niitandikie nyaya upya, nilifurahi, kisha nikaogopa. Hofu yangu ilikuwa moja tu: siku breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, itakapojizima angani, kaka ataisukuma irudi, kama mama. Breka haiwekwi kwa ajili ya redio wala taa. Inawekwa kwa ajili ya waya. Ikijizima, huenda waya unaungua mahali usipopaona, na angani hakuna kando ya barabara pa kuegesha.

Ugomvi ulianzia kwenye swichi. Alikuja nazo kutoka maduka ya Kona ya Musa, swichi za gari, bapa, zenye kitaa cha buluu, akanionyesha kwa madaha kama mtu aliyeleta posa. Nzuri, sikatai. Lakini chumvi ya hewa ya Diani inakula hata bawaba za milango, seuze kiswichi cha plastiki! Nilitaka za kijiti cha chuma, zilizozibwa vizuri, ambazo kidole kinajua kama zimewaka au zimezimwa bila jicho kuangalia. Akanuna. Nami nikanuna, na kwa kununa hanishindi mtu. Kesho yake akazirudisha dukani.

Kisha yakaja ya fyuzi. Vitu ambavyo rubani anavihitaji ili arudi salama, redio na vipimo vya injini, niliviwekea breka mbele ya macho yake. Lakini soketi ya kuchajia simu, na vingine ambavyo mtu anaweza kukaa bila kuwa navyo, niliviwekea fyuzi, ambazo zikikatika hubadilishwa, hazisukumwi, nyuma ya kiti, mahali ambapo mkono haufiki mtu akishajifunga mkanda. Alipoziona alikasirika kwelikweli.

“Kwani mimi mtoto, mdogo wangu?”

“Hasha, kaka. Wewe ni mtoto wa mama yetu.”

Alicheka mpaka akakaa chini, kivulini mwa bawa. Fyuzi zikabaki pale pale.

Asubuhi moja alikuwa juu ya Msambweni, simu yake ikaacha kuchaji na harufu ya plastiki inayoungua ikampita puani. Aliniambia baadaye kwamba mkono ulikwenda wenyewe kutafuta pa kusukuma. Ukapapasa ubao mzima wa breka usipate iliyojizima. Basi akaacha, akafungua kidirisha hewa iingie, akageuza ndege na kurudi kutua Ukunda.

Nilipofungua sakafu niliona yote. Reli ya kiti ilikuwa imeusaga waya wa soketi mpaka shaba ikatokeza, kando kabisa ya bomba la mafuta. Fyuzi ilikuwa imekatika, kazi yake imekwisha. Nilikaa mle ndani ya ndege nikalia bila haya, nikasema alhamdulillahi mpaka midomo ikakauka. Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi, hilo halina mjadala. Lakini kakangu namshukuru pia. Angeweza kuzihamisha zile fyuzi kwa bisibisi siku yoyote, kwa kiburi tu cha ukubwa, na hakuzihamisha.

Magharibi ilitukuta kwa mama, tunangoja wali wa nazi. Mara meni swichi ikashuka, nyumba ikawa giza. Mama akainuka na mwiko wake, kama kawaida, huku akiulaani umeme. Kaka akamfuata, akaupokea ule mwiko taratibu kutoka mkononi mwake.

“Leo tusiisukume, mama,” akasema.

Kisha akanigeukia. Tangu nizaliwe ananiita mdogo wangu, hata mbele ya wateja, hata nikiwa nimeshika bisibisi.

“Fundi,” akaniambia, “tuangalizie waya.”