Taa za Baiskeli Hazigawanywi

Nakumbuka alasiri moja niliyosema "sawa" mahali nilipopaswa kusema "hapana". Tulikuwa nyuma ya nyumba ya mama, kule Katana, mimi na mdogo wangu Bahati, na baiskeli zetu mbili tumezipindua, magurudumu juu. Yangu ilikuwa na taa mbili: ya mbele iliyowashwa na dinamo, na nyekundu ya nyuma iliyokula betri, zile tulizoziita mawe. Yake haikuwa na kitu. Ndiyo kwanza alikuwa anaianza kazi yangu ya kubeba mizigo.

"Yaya, taa iko mbili, na sisi tuko wawili," akasema; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Wewe ubaki na ya mbele, utangulie. Mimi nipe ya nyuma, nikufuate. Tutakuwa kama velo moja murefu, baiskeli ya watu wawili."

Nikacheka. Nikachukua bisibisi, nikaifungua taa ya nyuma kwa mkono huu huu unaoandika, nikaifunga kwenye baiskeli yake. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Mwanangu, nakuandikia nikiwa na hasira, wala sifichi. Jana jioni, giza ndilo linaingia, nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yangu hapa Nguba, Bukavu, kando ya ziwa. Wakapita vijana wawili na baiskeli. Wa mbele ana taa nyeupe kali, nyuma yake hakuna kitu. Wa pili ana kataa kekundu kanakopepesa nyuma, na mbele yake giza tupu.  Nikapiga kelele kama mwendawazimu: "Ninyi! Kila mutu na taa zake!"

"Muzee, tuko pamoja!" akajibu wa kwanza.

"Papa, ingia ndani, baridi ya ziwa itakumaliza!" akaongeza wa pili, wakacheka hadi wakapotea kwenye kona.

Tuko pamoja! Nilipanda kitandani na neno hilo, nikaamka nalo. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Miaka ile ya taa nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, nina cheti changu, na nilitembea Bukavu nzima nikitafuta ofisi ya kuniajiri hadi soli za viatu zikatoboka. Nilipochoka nikarudi Katana, nikaanza kazi ambayo haiulizi cheti: kupeleka kabichi na ndizi sokoni Bukavu, na kurudi na chumvi na sabuni. Tuliondoka alfajiri kabla ya jogoo wa pili, tulirudi jua likizama. Kwa hiyo safari ilikuwa na giza kwenye ncha zote mbili. Mtu wa kazi hiyo akikuambia kwamba taa ni urembo, jua ni mwongo au ni mgeni.

Usidhani sikuwa na uwezo wa kununua taa za Bahati. Nilikuwa nao. Nilinunua redio, nikaifunga kwenye usukani, ili wasichana wa Kavumu, pale njiani, wasikie ninapita. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu, mimi msomi wa familia.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo ujinga unapopata nguvu. Kosa linaloadhibu siku ile ile ni mwalimu mzuri. Lile linalokuacha upite mara ishirini ni adui, kwa sababu linakufanya ujione una busara.

Kulikuwa na mzee mmoja kati yetu wabebaji, Papa Bisimwa, aliyeijua barabara ile kuliko mtu yeyote. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuondoka, kila mmoja akishafunga mzigo, alimwamuru asukume baiskeli yake hadi juu ya kilima kidogo karibu na soko letu la Katana. Yeye alibaki chini na kumtazama kwa nyuma. Kama haoni wekundu, anakuita urudi. Mara nyingi taa ilikuwepo, tena inawaka vizuri, lakini gunia limening'inia na kuifunika. "Hiyo taa unamuwashia nani?" angeuliza. "Kabichi?" Na watu wangecheka, na mwenye gunia angefungua kamba na kuanza upya.

Siku alipotuona sisi wawili, hakucheka. Alinizunguka, akamzunguka Bahati, akarudi kwangu.

"Nani amefanya hivi?"

"Tunaenda pamoja, papa," nikasema. "Mimi kichwa, yeye mukia."

"Basi ninyi ni nyoka," akasema. "Na nyoka akikatwa katikati? Kichwa kitajua mukia uko wapi?"

"Hatukatiki, papa!" Bahati akadakia, na wabebaji wengine wakapiga makofi. Yule mzee alinitazama mimi, hakumtazama Bahati. "Wewe ndiwe mukubwa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyu ni mutoto. Mutoto anaomba. Mukubwa anakataa." Kisha akapanda baiskeli yake na kwenda.

Nilikasirika. Nilisema moyoni kwamba mzee huyu hakufika hata darasa la sita, atanifundisha nini. Mwanangu, ukiona unamdharau mtu kwa sababu ya shule mara tu anapokugusa penye kidonda, jua kwamba amesema kweli.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua nyembamba, ile isiyoisha. Tulikuwa tunarudi kutoka Bukavu na chumvi, tumeshapita Kavumu. Kwenye kilima kimoja tulishuka kusukuma, kama kawaida. Na dinamo, kama hujui, inakula mwendo wa gurudumu: ukisukuma polepole, taa inakuwa kama kaa la moto linalokufa. Basi kupanda kilima tulipanda gizani wote wawili. Katikati mnyororo wa Bahati ukatoka.

"Yaya, ningojee!" akaita.

Nilisikia. Watu wameniambia miaka yote hii kwamba labda sikusikia, mvua, redio, upepo. Nilisikia. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, na nilikuwa nimechoka na yeye na mnyororo wake. "Nifuate!" nikamjibu, nikafika juu, nikapanda, nikaachia mteremko.

Gurudumu likaenda mbio, taa yangu ikawaka nyeupe. Chini kidogo nikaona matawi mabichi yametandazwa barabarani, kama madereva wanavyofanya wakiharibikiwa. Mbele ya matawi, lori limesimama bila taa hata moja. Nikakwepa, nikapita salama, nikaendelea. Sikusimama. Sikumpigia kelele mwenye mkia. Dereva sina neno naye. Alionya kwa kile alichokuwa nacho, na mwenye taa ya mbele aliliona onyo lake.

Bahati alikuja nyuma na taa nyekundu nzuri sana, inayoangaza kule alikotoka. Matawi hakuyaona, na lori akaligonga.

Tulimlaza hospitali ya misheni. Walifanya walichoweza, lakini mguu wa kuume ulikuwa umesagika, na siku ya tatu wakaukata juu ya goti. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Watu walikuja kutuona na kikapu cha ndizi mkononi na methali mdomoni. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," wakasema, wakitikisa kichwa kuelekea kitanda chake. Nami niliwaacha waseme. Leo nikikumbuka natamani ningewatoa nje wote. Bahati alisikia la mkuu! Mkuu nilikuwa mimi. Mimi nilisema sawa, mimi nilisema nifuate, na guu lililovunjika lilikuwa lake. Na ile nyingine, kwamba mtoto akililia wembe mpe, usiitamke mbele yangu. Wembe ukimkata mtoto, mwulize aliyempa alikuwa na umri gani.

Lakini sijakuambia baya zaidi. Mama alifika jioni, akakaa kando ya kitanda, akamshika Bahati mkono. Kisha akanigeukia.

"Nani alisema mugawe taa?"

Swali fupi. Ningeweza kujibu, "Ni mimi, maman." Bahati alikuwa macho, ananitazama. Nami nikasema, "Ni yeye aliomba. Muulize."

Ilikuwa kweli. Hakuna neno la uongo ndani yake, na ni neno chafu kuliko yote niliyowahi kusema. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingepona.  Bahati aliugeuzia ukuta uso wake. Alipopona, akajifunza kushona kwa cherehani ya mkono, akapanda lori la watu wa dhahabu, akaenda Shabunda, mbali kule kwenye machimbo. Barua zangu zilifika, najua zilifika, kwa sababu waliozibeba waliniambia alizipokea. Jibu halikuja.

Sasa nisikilize, wewe unayeendesha kwenda kazini na kurudi jioni. Baiskeli moja, taa mbili, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na zote zako. Usimwazime mwenzako hata moja, hata akiwa ndugu yako, hata kwa safari ya kwenda kununua mkate. Akiwa hana, msukume baiskeli zote mbili kwa miguu mpaka nyumbani. Na kama wewe ndiwe mkubwa, hiyo "hapana" ni kazi yako, usimwachie mdogo.

Usinunue taa kwa sababu imekupofusha macho dukani. Dukani kila taa ni shujaa. Iwashe nyumbani jioni, uiache, uone kama inafika wakati wa kulala. Imwagie maji, kwa sababu mvua ya Bukavu haitakuomba ruhusa. Hapa kwetu kwenye vilima usitegemee dinamo peke yake, maana inakuacha hasa pale unapokwenda polepole na magari yanakwenda haraka. Uwe na ya betri pia. Hizi za kuchaji ni nzuri, lakini zichaji siku umeme upo, si siku unayotaka kusafiri. Ya mbele iinamishe itazame barabara, usimchome mtu macho. Na simu ya kuuma mdomoni, yenye tochi, hiyo si taa. Ukianguka nayo utaimeza.

Ukishafunga mzigo, mwambie mtu asimame nyuma yako hatua thelathini. Asipoona nyekundu, fungua kamba uanze upya. Akicheka, mwache acheke.

Na wale vijana wawili wa jana, kama maandishi haya yatawafikia, njooni nyumbani. Sitawapigia kelele tena. Mungu awape macho ya kuona mbele na awape watu wa kuwaona nyuma. Awafikishe kwa mama zenu na miguu yenu yote, na kila mmoja afike akiwa na mwenzake.

Mimi niligawa taa, kisha nikamtupia lawama mdogo wangu. Bahati amezikwa Shabunda, nami nilipata habari majuma mawili baada ya mazishi, kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa anapita. Alikuwa ndugu yangu wa pekee, na amekufa bila kusema nami neno moja tangu jioni ile hospitalini.