Kikreoli cha Ghislaine

Ghislaine Dorcély aliletwa Miami kutoka Haiti akiwa na miaka saba. Shuleni wenzake waliicheka lugha yake kila alipofungua kinywa, akazoea kunyamaza. Ukubwani alipata kazi katika makao ya kutunza wazee. Siku moja msimamizi alimkuta akimlisha supu mzee Anélus, wote wawili wakiongea na kucheka kwa Kikreoli, lugha ya kwao Haiti.

"Hapa ni Kiingereza tu. Ukirudia, huna kazi."

"Mzee hakijui. Nimenyamaza utoto mzima kwa kuogopa watu kama wewe. Siogopi tena. Nifukuze, halafu umlishe wewe."

Kisha akamgeukia mzee, sauti ikijaa ukumbi kwa Kikreoli: "Tulifika wapi, mjomba?"

"Pale mbuzi alipokula kofia ya padri."

Msimamizi alimwachia bakuli la supu, akaondoka. Kesho yake, wahudumu wote Wahaiti walikuwa wakiongea Kikreoli waziwazi.