Ugomvi wa Mama Mkwe na Vipanga

Mama mkwe wangu, Anonciata, alikuwa na adui mmoja tu hapa Kibingo: kipanga. Nilipoolewa na mwanawe Sibomana mwaka 1978, vipanga walijaa angani, naye alishinda uani akigonga sufuria na kuwatukana kwa Kinyarwanda. Vifaranga wake aliwapaka dawa ya vidonda ya zambarau ili ndege wasiwatambue. Wageni walicheka kabla hata ya shikamoo.

Alichokithamini kuliko kuku ni maharage ya madoadoa aliyokuja nayo kutoka Rwanda akiwa binti, yamefungwa kwenye kitambaa. Mama yake alibaki huko, hawakuonana tena. Kila msimu alitenga mbegu kwanza, ndipo tukapika.

Miaka ya themanini ikaingia sumu ya panya, kila nyumba ikaweka. Panya wakafa, na vipanga waliowala panya hao wakafa pia. Tuliwaokota chini ya mibuni. Mama alifurahi sana, jamani!

"Sasa kuku wangu watapumua," alisema, akaitupia darini chupa ya ile dawa ya zambarau.

Mwaka baada ya mwaka vipanga walipungua, mwishowe hatukumwona hata mmoja. Lakini panya huzaana upesi. Walirudi, na safari hii hapakuwa na wa kuwawinda.

Asubuhi moja mama alifungua kihenge cha mbegu zake akakuta maganda yaliyoachwa na panya. Alikaa chini akalia kama aliyefiwa, nami nikalia naye. Tulichambua maganda yale tukapata mbegu za kujaa kiganja tu.

Alizipanda nyuma ya jiko, akazilinda mwenyewe. Sumu yake akaimwaga chooni, kisha akaenda kumwomba jirani yetu Gaudiosus naye aache.

"Mama Sibomana, leo unawatetea vipanga?"

"Cheka tu, baba, lakini acha sumu."

Aliacha, na wengine wakafuata polepole. Tulisubiri miaka. Nadhani ilikuwa 1993 vipanga wawili walipojenga kiota kwenye mkaratusi wa kanisa. Siku tuliyomwona mmoja akiinuka na panya kutoka shambani kwetu, mama alipiga magoti kwenye matuta, jembe mkononi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilishukuru kimya, maana maharage yale yalikuwa yameshajaa debe.

Wiki hiyohiyo kipanga alishuka uani akanyakua kifaranga. Mama alikuwa ameshika sufuria. Mkono ulipanda, ukashuka bila kugonga.

"Chukua," alimwambia. "Karibu tena."

Halafu akanituma darini nikamletee chupa ya zambarau.